Mgawanyo wa Marudio na Histogramu: Jinsi Majibu ya Dodoso Yanavyopata Umbo

Mgawanyo wa marudio ni orodha inayoonyesha kila thamani, au kila kundi la thamani, limejitokeza mara ngapi katika data zilizokusanywa. Histogramu ni mchoro wa orodha hiyo. Mhimili mlalo hubeba thamani zenyewe, na juu ya kila kundi husimamishwa mstatili ambao eneo lake hulingana na idadi ya waliomo. Utafiti wowote unaouliza swali lenye jibu la namba, iwe ni umri, kipato, uzito wa mtoto au ekari za shamba, huanza kueleweka pale majibu yanapopangwa hivi. Kabla ya hapo kuna rundo la namba tu, na jicho la binadamu halina uwezo wa kusoma rundo.

Kazi hii huonekana nyepesi, kwa sababu msingi wake ni kuhesabu. Ugumu wake umejificha katika maamuzi madogo yanayofanywa kabla ya kuhesabu: makundi yawe mangapi, yaanzie wapi, na jibu lililoangukia mpakani lihesabiwe upande gani. Maamuzi hayo yanaweza kugeuza habari nzima ya utafiti bila jibu hata moja kubadilishwa.

Swali moja la tafiti za kaya linafaa sana kuonyesha jambo hilo: inachukua muda gani kwenda kwenye chanzo cha maji, kuchota na kurudi? Swali hili limekuwa likiulizwa katika tafiti za afya na demografia, maarufu kwa kifupi cha DHS, nchini Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, na jibu lake huandikwa kwa dakika. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, katika mpango wao wa pamoja wa kufuatilia huduma za maji, wameweka kipimo cha dakika 30. Kaya inayotumia chanzo kilichoboreshwa na kutumia muda usiozidi dakika 30 kwenda na kurudi, pamoja na muda wa foleni, huhesabiwa kuwa na huduma ya msingi. Ikizidi hapo, hushuka ngazi. Kwa hiyo namba 30 si namba ya kawaida katika swali hili. Ndiyo inayoamua kaya itaandikwa upande upi wa ripoti ya taifa.

Uchukuliwe mfano wa kufundishia, usio wa kijiji chochote halisi. Kaya 40 zinazochota maji nje ya nyumba zimeulizwa swali hilo, na majibu yao kwa dakika, yakipangwa kuanzia dogo, ni haya:

5, 8, 10, 10, 12, 15, 15, 15, 18, 20, 20, 20, 20, 25, 25, 28, 30, 30, 30, 30, 30, 30, 30, 35, 40, 40, 40, 45, 45, 50, 60, 60, 60, 60, 60, 75, 90, 90, 100, 120.

Katika utafiti halisi data haziji zikiwa safi namna hii. Ndani ya faili huwa kuna namba ambazo si majibu bali ni alama. Katika faili za DHS, kwa mfano, 996 humaanisha kwamba maji yapo hapo hapo nyumbani, na 998 humaanisha kwamba mhojiwa hajui. Mchambuzi asiyesoma mwongozo wa alama hizo ataziacha zihesabiwe kama dakika, na histogramu yake itaota nguzo ya ajabu upande wa kulia, ya watu wanaotembea zaidi ya saa 16 kufuata maji. Wastani nao utapaa. Hata hivyo, kuziondoa alama hizo kwenye mchoro si sawa na kuzifuta kaya zenyewe. Kaya yenye bomba uani haina safari ya kupimwa, lakini ni kaya, na asilimia ya wakazi wote inapotafutwa lazima iwemo kwenye hesabu.

Baada ya usafi huo huja kuhesabu. Njia ya mkono ni ile inayofundishwa shuleni: kila jibu huwekewa kijiti kimoja mbele ya kundi lake, na kijiti cha tano hukatiza vinne vilivyotangulia. Njia hii bado ina thamani kwa karani aliye kijijini na karatasi mkononi, kwani humlazimisha kuliangalia kila jibu.

Majibu yakiwa ya aina chache, kama idadi ya watoto wa mama mmoja au vyumba vya kulala, kila thamani inaweza kusimama peke yake katika jedwali. Dakika za kuchota maji hazikubali hivyo. Zikiachwa moja moja, jedwali litakuwa na mistari mingi yenye kaya moja moja na mapengo katikati. Ndiyo maana thamani huunganishwa katika madaraja.

Madaraja yawe mangapi? Mwaka 1926 Mmarekani Herbert Sturges alipendekeza kanuni ambayo bado inatumika: data 32 zinastahili madaraja 6, data 64 madaraja 7, na kila idadi ya data inapoongezeka maradufu huongezwa daraja moja. Kwa kaya 40 kanuni hiyo inatoa madaraja 6 au 7. Kwa utafiti wa kaya 10,000 inatoa kama 14, na hapo wataalamu wengi huona ni machache mno, kwa sababu data nyingi zinaweza kubeba picha yenye maelezo zaidi. Kanuni ni mwanzo wa kufikiri, haipaswi kuwa mwisho wake. Upana wa daraja unatakiwa uwe namba ambayo msomaji anaielewa mara moja, na mipaka yake iheshimu maana ya kinachopimwa.

Madaraja ya dakika 20 yangetimiza kanuni ya Sturges vizuri: 1–20, 21–40, 41–60 na kuendelea, jumla sita. Lakini daraja la 21–40 lingezimeza pamoja kaya zilizo ndani ya kipimo cha dakika 30 na zilizo nje yake, na swali lenyewe la kisera lingepotea. Madaraja ya dakika 15 yanakuwa manane, zaidi kidogo ya kanuni, lakini moja linaishia 30 kamili na mengine yanaangukia kwenye robo saa, kipimo ambacho watu wamekizoea. Hayo ndiyo ya kuchagua, na matokeo yake ni haya:

Dakika 1–15: kaya 8, asilimia 20
Dakika 16–30: kaya 15, asilimia 37.5
Dakika 31–45: kaya 6, asilimia 15
Dakika 46–60: kaya 6, asilimia 15
Dakika 61–75: kaya 1, asilimia 2.5
Dakika 76–90: kaya 2, asilimia 5
Dakika 91–105: kaya 1, asilimia 2.5
Dakika 106–120: kaya 1, asilimia 2.5
Jumla: kaya 40, asilimia 100

Kila jibu lina daraja moja tu, na hakuna jibu lililokosa daraja. Sharti hilo ni la lazima. Jedwali lililoandikwa 0–15, 15–30, 30–45 bila maelezo ni jedwali bovu, maana kaya ya dakika 30 ina sehemu mbili za kuingia. Asilimia nazo zina kazi yake: vijiji viwili, kimoja chenye kaya 40 na kingine chenye kaya 300, haviwezi kulinganishwa kwa idadi tupu.

Yakijumlishwa marudio kutoka juu kwenda chini hupatikana marudio limbikizi: 8, 23, 29, 35, 36, 38, 39, 40. Safu hiyo hujibu maswali ya "wangapi hawazidi". Kaya 23 kati ya 40, yaani asilimia 57.5, hazizidi dakika 30. Kwa kipimo cha WHO na UNICEF, ikiwa vyanzo vyao vimeboreshwa, kaya hizo zina huduma ya msingi.

Sasa litazamwe jibu la 30 lenyewe. Limetolewa na kaya 7. Kama mchambuzi angeyapanga madaraja kwa namna nyingine, 15 hadi chini ya 30, kisha 30 hadi chini ya 45, kaya hizo saba zingehamia daraja la juu. Zingebaki kaya 16 chini ya mpaka, sawa na asilimia 40. Kutoka asilimia 57.5 hadi 40 bila mtu yeyote kubadili jibu! Kipimo kinasema "usiozidi dakika 30", kwa hiyo mpangilio wa kwanza ndio sahihi hapa. Lakini msomaji wa ripoti ataujuaje kama mpaka haukuandikwa?

Tatizo hilo lisingekuwa kubwa kama majibu yangesambaa sawasawa. Hayasambai. Katika majibu 40 ya mfano, 36 yanaishia na 0 au 5, na hivi ndivyo tafiti halisi zilivyo. Mama anayetoka alfajiri na ndoo hapimi safari yake kwa saa ya mkononi. Anakadiria, na makadirio hukimbilia nusu saa na saa nzima. Uzito wa watoto wanaozaliwa una tabia hiyo hiyo. Mizani husomwa 2,500, 3,000 au 3,500 kwa wingi usio wa kawaida, ilhali uzito pungufu wa kuzaliwa huhesabiwa pale mtoto anapokuwa chini ya gramu 2,500. Watoto walioandikwa 2,500 kamili wanasimama mlangoni, na baadhi ya wachambuzi huhamisha robo yao kwenda upande wa uzito pungufu ili kurekebisha msongamano huo.

Mrundikano wa majibu kwenye namba nzima huathiri hata wastani unaokokotolewa kutoka kwenye jedwali. Kwa kawaida huchukuliwa namba ya katikati ya kila daraja, ikazidishwa kwa marudio, kisha jumla ikagawanywa kwa idadi yote. Kwa madaraja haya katikati ni 8, 23, 38, 53, 68, 83, 98 na 113, na wastani unatoka dakika 35. Wastani wa majibu halisi ni dakika 38.65. Tofauti hiyo ya dakika tatu na nusu na zaidi imetokea kwa sababu watu walijirundika kwenye 15, 30, 45 na 60, ambazo zote ziko kwenye ukingo wa juu wa daraja, huku hesabu ikidhani wamekaa katikati. Mchambuzi aliye na majibu yenyewe asikokotoe wastani kutoka kwenye jedwali.

Kuchora histogramu kunafuata. Kwa kuwa dakika huenda mfululizo, mistatili hugusana. Pengo likiwepo liwe na maana kwamba hakuna aliyejibu hapo. Hii ndiyo tofauti yake na chati ya nguzo za kawaida, ambayo hulinganisha vitu visivyo na mfululizo, kama bomba, kisima, mto na mvua, na ambayo nguzo zake zinaweza kupangwa kwa utaratibu wowote bila kuharibu maana. Ili mistatili igusane, mipaka ya kuchorea huwekwa nusu kati ya daraja na daraja: 0.5, 15.5, 30.5, 45.5, hadi 120.5.

Jambo linalokosewa zaidi ni upana usiolingana. Mwandishi wa ripoti akiona madaraja manne ya mwisho yana kaya chache, anaweza kuyaunganisha yawe daraja moja la dakika 61–120 lenye kaya 5. Katika jedwali, hilo halina ubaya. Katika mchoro, akisimamisha mstatili wa kimo cha 5 juu ya upana wa dakika 60, atapata dude kubwa kuliko nguzo nyingine zote, na msomaji ataondoka akiamini kwamba wengi wa kijiji wanatembea zaidi ya saa moja. Katika histogramu jicho husoma eneo, na eneo ndilo linalotakiwa kulingana na idadi. Upana ukiongezwa mara nne, kimo kigawanywe kwa nne: kaya 5 katika dakika 60 ni sawa na kaya 1.25 kwa kila dakika 15. Hicho ndicho kimo sahihi, na mhimili wima uandikwe hivyo, kaya kwa kila dakika 15.

Mchoro ukiwa tayari, cha kusoma kwanza ni umbo. Histogramu ya mfano ina kilele kwenye dakika 16–30, halafu inashuka polepole na kuburuta mkia mrefu kulia. Mkia huo ni kaya chache zenye safari ndefu mno, na ndio unaouvuta wastani hadi 38.65 wakati namba ya katikati ya majibu yote ni 30. Vipato, ukubwa wa mashamba na muda wa safari huwa na umbo hili mara nyingi, na ndiyo sababu wastani peke yake hueleza vibaya maisha ya kaya ya kawaida. Vilele viwili vilivyotengana huashiria kwamba makundi mawili yamechanganywa, labda vitongoji vyenye kisima na visivyo nacho, na hapo ni vyema kuchora kila kundi peke yake.

Umbo limewahi kufichua hata udanganyifu. Mwanatakwimu Mbelgiji Adolphe Quetelet, katika kitabu chake cha mwaka 1846, alipanga vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Uskochi kwa inchi. Askari 3 tu walikuwa na inchi 33, idadi ikapanda hadi 1,073 kwenye inchi 39 na 1,079 kwenye inchi 40, kisha ikashuka hadi mmoja tu kwenye inchi 48: mlima mmoja laini wenye pande mbili zinazokaribia kufanana. Quetelet aliamini kwamba vipimo vya miili hufuata umbo hilo, na alipotazama vimo vya vijana 100,000 walioitwa jeshini Ufaransa akaona dosari. Walioandikwa kuwa wafupi kuliko mita 1.57 walizidi matarajio kwa zaidi ya 2,000, na waliopaswa kuwa juu kidogo ya mpaka huo walipungua. Kimo cha chini cha kuchukuliwa jeshini kilikuwa mita 1.57. Quetelet hakuona maelezo mengine isipokuwa kwamba vijana wengi walikuwa wamepunguziwa urefu kwenye karatasi ili wasiende vitani. Mchoro wa aina hii ulikuja kupata jina lake la histogramu katika miaka ya 1890 kutoka kwa Mwingereza Karl Pearson.

Sensa hutoa mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki. Piramidi ya umri inayochapishwa baada ya kila sensa ni histogramu mbili zilizolazwa ubavu, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Umri ukichorwa mwaka mmoja mmoja, nguzo za 30, 40 na 50 huchomoza juu ya majirani zake, kwa kuwa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa hukadiria. Makarani humsaidia kwa kumrejesha kwenye matukio yanayokumbukwa, kama Uhuru wa Tanganyika wa 1961, Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 au Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Ukubwa wa mrundikano hupimwa kwa faharasa ya Whipple, inayoangalia watu wa miaka 23 hadi 62: wenye umri unaoishia na 0 au 5 hujumlishwa, hulinganishwa na sehemu moja ya tano ya wote, na jibu hutolewa kwa mia. Faharasa ya 100 ina maana hakuna mrundikano. Ya 500 ina maana kila mtu ametaja umri unaoishia na 0 au 5. Kwa vigezo vya Umoja wa Mataifa, ikizidi 175 takwimu za umri huhesabiwa kuwa mbovu sana. Kupanga umri kwa miaka mitano mitano hupunguza tatizo, ila hakulimalizi, kwa sababu makundi ya 30–34 na 40–44 huanzia kwenye namba ile ile inayopendwa na kuwavuta watu waliopaswa kuwa kundi la nyuma.

Utafiti wa sampuli una jambo moja zaidi ambalo sensa haina. Kaya zilizohojiwa haziwakilishi idadi sawa ya kaya nyingine. Zanzibar ina wakazi wachache ikilinganishwa na Bara, hivyo tafiti za taifa za Tanzania huchukua huko kaya nyingi kuliko uwiano wake ili matokeo ya visiwa yaweze kusimama peke yake. Zikihesabiwa moja moja katika mgawanyo wa taifa, sauti ya Zanzibar itazidi kiasi chake. Kila kaya hupewa uzani, na marudio ya daraja huwa jumla ya uzani wa kaya zilizomo badala ya hesabu ya vichwa. Histogramu ya data za DHS iliyochorwa bila uzani inaonyesha sampuli, haionyeshi nchi.

Siku hizi kuchora kumeachiwa programu za kompyuta, nazo huchagua madaraja bila kumuuliza mtu. Hapa ndipo jibu la dakika 30 linaporudi na nguvu zake zote. Programu ya R, isipoelekezwa vingine, huhesabu thamani ya mpakani katika daraja la chini, na Excel hufanya vivyo hivyo katika chati yake ya histogramu. Maktaba ya NumPy ya lugha ya Python huihesabu katika daraja la juu, isipokuwa daraja la mwisho kabisa. Data zile zile 40, zikipewa mipaka 0, 15, 30, 45 na kuendelea, zitatoa kaya 23 hadi mpaka wa 30 katika R, na kaya 16 katika NumPy. Mwandishi wa ripoti na achague mipaka mwenyewe, na aiandike chini ya mchoro pamoja na idadi ya waliohojiwa na alama zilizoondolewa. Akiipa programu mipaka ya 0.5, 15.5, 30.5 na 45.5, hakuna jibu la dakika kamili litakaloangukia mpakani, na programu zote zitatoa hesabu moja.